Mhandisi wa Nebbi na Umeme wa West Nile

Malkia Elizabeth alifungua bwawa la Owen Falls, Jinja, mwaka 1954. Umeme wake ukasambaa Kampala, ukavuka mpaka hadi Kenya, lakini haukufika Arua, katika mkoa wa West Nile. Serikali zilipokezana, hata akatawala Idi Amin, ambaye ukoo wa baba yake ni wa Koboko, na bado West Nile ikakaa nje ya gridi ya taifa.

Katika giza hilo ndimo alimotokea Simon D'Ujanga wa Nebbi. Alisomea uhandisi wa umeme, akapanda vyeo katika Bodi ya Umeme ya Uganda, UEB, hadi akawa mkurugenzi wake mkuu. Bodi yenyewe, iliyoundwa 1948, ilivunjwa mwaka 2001 na kuzaa mashirika matatu: la kuzalisha, la kusafirisha na la kusambaza. D'Ujanga aliingia siasa, akawa mbunge wa Padyere, na Mei 2011 akateuliwa Waziri wa Nchi wa Nishati.  Mwana wa West Nile sasa alikuwa wizarani; nani angewalaumu watu wa huko kwa kutumaini?

Arua wakati huo ilipata umeme kutoka WENRECO, kampuni yenye mtambo wa mafuta mazito yaliyoletwa kwa malori. Mwaka 2012 kituo cha Nyagak, karibu na Paidha, kikaongeza megawati 3.5. Mwaka uo huo, kwingine nchini, bwawa la Bujagali lilikamilika likiwa na megawati 250. Nyagak ikipata hitilafu, fundi wa kuchomelea milango Koboko alirudi kuvuta kamba ya jenereta, na bei ya petroli ikaingia kwenye bei ya mlango. Mwenye mashine ya kusaga naye vivyo hivyo.

Mimi simwoni D'Ujanga kuwa ndiye kikwazo. Alijua gridi kuliko wengi waliokaa naye barazani. Lakini laini ya msongo mkubwa hujengwa kwa mikopo ya nje, fidia za ardhi na idhini ya hazina, na waziri wa nchi hashiki funguo za hazina. Tazama bwawa la maporomoko ya Karuma: kampuni ya Norway, Norpak, ilijitoa kwenye mradi huo, Wachina wakaanza kujenga 2013, na megawati zake 600 zikazinduliwa rasmi Septemba 2024. Nchi yenye maporomoko kama hayo iliacha mkoa mzima uchome mafuta. Hilo ni deni la serikali, si la mhandisi mmoja.

D'Ujanga aliondoka barazani mwaka 2021. Laini ya kilovolti 132 ya kuiunganisha West Nile na gridi ya taifa ilizinduliwa Arua mwaka 2024, miaka 70 baada ya Owen Falls. Kazi iliyobaki ni ya nguzo za mitaani, transfoma na mita, Arua mjini na barabara yote ya kwenda Koboko.