Jiwe la Uluguru lililofika Vienna

Jumamosi nilivikimbia vitabu. Tulilala Ngerengere kwa kina mshikaji wangu, alfajiri tukaazima Land Rover ya baba yake, tukashika njia ya Bigwa hadi Mkuyuni, kisha tukaanza kupanda Uluguru. Tulikwama kwenye tope mara mbili. Mzee mmoja akatupeleka kwenye shimo la zamani la ulanga, ile mika inayobanduka kama karatasi za kioo. Babu yake alichimba hapo. Wajerumani walikuwa wakichimbisha ulanga Uluguru kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, maana unahimili moto na haupitishi umeme. Sasa migomba imelimeza shimo, ila ukipiga udongo teke unametameta.

Kurudi chuo nikapekua. Kumbe pamoja na ulanga wa Uluguru yalipatikana mawe meusi mazito yenye urani! Mwaka 1906 mkemia Mjerumani, Willy Marckwald, alieleza madini ya njano yaliyotokana na mawe hayo, akayaita rutherfordini, kwa heshima ya Ernest Rutherford, aliyekuwa akifundisha Montreal, Canada. Reli inayopita Ngerengere ilifika Morogoro 1907, kwa hiyo jiwe lilitangulia treni. Bila shaka lilishuka mabegani mwa watu.

Utamu unakuja hapa. Mwaka 1913 Frederick Soddy alitoa neno isotopu: atomu za elementi moja zenye uzito tofauti. Ushahidi ukahitajika. Otto Hönigschmid na Stefanie Horovitz, mwanamama wa Taasisi ya Radiamu ya Vienna, wakapima risasi iliyotoka kwenye jiwe la Morogoro. Wakapata uzito wa atomu kama 206.05, wakati risasi ya kawaida ni 207.2. Elementi ileile, uzito mbalimbali! Horovitz, Myahudi, aliuawa na Wanazi huko Treblinka mwaka 1942.

Nimempigia mzee simu kumsimulia yote. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Na waliochimba, wameandikwa?"

Nikakosa jibu. Rutherford yumo, Marckwald yumo, Morogoro yenyewe imo. Mchimbaji sijamwona hata mmoja katika niliyosoma.

Nikamwomba jina la babu yake. Akasema majina hayatajwi kwenye simu, niende tukakae. Basi Jumamosi ijayo narudi na daftari. Nani ana jembe la kukwamulia gari?