Duxford: Makumbusho ya Ndege na Uwanja Wake

Duxford ni uwanja wa ndege wa kihistoria ulioko katika jimbo la Cambridgeshire, mashariki mwa Uingereza, kilomita zipatazo 15 kusini mwa mji wa Cambridge, ambao tangu miaka ya 1970 umekuwa tawi la taasisi ya Imperial War Museums, iliyoanzishwa mwaka 1917 ili kuhifadhi kumbukumbu za Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kinachoutofautisha na makumbusho mengine mengi ya usafiri wa anga ni kwamba uwanja wenyewe haujafa: njia ya kurukia, yaani ule ukanda ambao ndege hupigia mbio kabla ya kupaa na kuufuata tena wakati wa kutua, ingali inatumika, na mgeni anayepita kati ya mabanda mara nyingi husikia mngurumo wa injini ya miaka ya 1940 kabla hajaiona ndege yenyewe. Anayezuru Duxford, kwa hiyo, anatazama vitu viwili kwa wakati mmoja, yaani ndege zilizokusanywa kutoka pande nyingi na ardhi ambayo baadhi ya ndege hizo zilirukia zikiwa kazini. Na hicho cha pili ndicho adimu zaidi, kwa kuwa ndege huhamishika, ilhali uwanja ukishajengwa nyumba haurudi tena. Ndivyo ilivyokuwa huko Hendon, kaskazini mwa London, ambako makumbusho ya Jeshi la Anga la Kifalme yalifunguliwa mwaka 1972 kwenye kipande cha uwanja wa zamani sana, lakini sehemu kubwa ya uwanja huo sasa ni mitaa ya makazi, na ndege zilizomo ndani hazina pa kurukia hata kama zingeweza kuruka.

Ujenzi wa Duxford ulianza mwaka 1917, na mabanda kadhaa ya wakati huo bado yamesimama. Paa zake zimebebwa na kenchi za mtindo wa Belfast, yaani kenchi za upinde zilizofumwa kwa vipande vyembamba vya mbao vinavyokatizana kama wavu wa mvuvi, mbinu iliyowawezesha mafundi kufunika eneo pana bila kusimamisha nguzo katikati na bila kutafuta magogo makubwa. Mgeni akisimama katikati ya banda na kuinua macho atauona mfumo huo wote waziwazi, kila kipande kikiwa dhaifu peke yake na kila kimoja kikigawana mzigo na jirani yake; ni ufundi unaostahili kutazamwa kwa utulivu kabla ya kushuka kwenye ndege zilizo chini yake, na ni makosa kuupita kana kwamba ni kivuli tu cha kukinga vionyeshwa na mvua.

Baada ya miaka michache ya kufundishia marubani, uwanja ulikabidhiwa vikosi vya ndege za kivita mwaka 1924. Frank Whittle, mhandisi aliyekuja kuwa mmoja wa wavumbuzi wa injini ya jeti, aliruka kutoka hapo katika miaka ya 1930 pamoja na kikosi cha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Tarehe 4 Agosti 1938 Kikosi Namba 19, kilichokuwa na makao yake Duxford, kilipokea Spitfire ya kwanza kabisa kukabidhiwa kikosi cha kivita, miaka miwili na ushei baada ya ndege ya mfano, iliyobuniwa na R. J. Mitchell wa kampuni ya Supermarine, kuruka mara ya kwanza mwezi Machi 1936. Mitchell mwenyewe hakuwahi kuiona siku hiyo, kwani alifariki mwaka 1937.

Sehemu iliyo na mafunzo mengi kuliko zote haina ndege hata moja. Ni chumba cha operesheni, ambacho kimerudishwa katika hali yake ya mwaka 1940, wakati wa Mapambano ya Uingereza, yaani vita vya angani vya miezi ya kiangazi mwaka huo ambavyo kwavyo Ujerumani ilikusudia kulivunja jeshi la anga la Uingereza kabla ya kuivamia nchi. Katikati ya chumba ipo meza kubwa iliyochorwa ramani, na kuizunguka walisimama askari wa kike waliovaa visikilizio, wakisukuma kwa fito ndefu alama zilizoonyesha makundi ya ndege za adui na za wenyeji kadiri taarifa zilivyoingia kwa simu kutoka vituo vya rada na kwa walinzi waliokuwa wakitazama anga kwa macho. Ukutani ipo saa ambayo uso wake umegawanywa katika pembetatu za dakika tano tano, zilizopakwa rangi nyekundu, manjano na buluu kwa kupokezana. Mshale wa dakika ulipokuwa juu ya nyekundu, kila taarifa mpya iliyowekwa mezani ilipewa alama nyekundu, na ulipoingia kwenye manjano alama zikawa za manjano, hivi kwamba ofisa aliyekaa mahali palipoinuka juu ya meza, akitazama chini mara moja tu, alijua taarifa ipi ni mbichi na ipi imekwisha kuchacha. Katika vita ambavyo ndege ilikata kilomita kadhaa kwa dakika moja, habari ya robo saa iliyopita ilikuwa ya hatari kuliko kukosa habari kabisa, na hila hiyo nyepesi ya rangi tatu, iliyofanya kazi bila mtambo wowote isipokuwa saa, inaeleza namna vita vile vilivyoendeshwa kuliko bunduki yoyote iliyomo katika mabanda.

Jina la Duxford limefungamana pia na mabishano yaliyozuka wakati huohuo juu ya kile kilichoitwa Bawa Kubwa. Douglas Bader, rubani aliyepoteza miguu yote miwili katika ajali ya mwaka 1931 na kurudi angani kwa miguu ya bandia, alishikilia kwamba vikosi kadhaa viruke pamoja na kumkabili adui kwa wingi, na mkuu wake Trafford Leigh-Mallory alimuunga mkono. Keith Park, aliyeongoza ulinzi wa kusini mashariki, alijibu kwamba kukusanya ndege nyingi angani hula muda ambao vikosi vya mbele havina. Tarehe 15 Septemba 1940 vikosi vitano viliondoka kwa pamoja, kimojawapo kikiwa Kikosi Namba 310 cha marubani wa Kicheki kilichoundwa Duxford mwezi Julai mwaka huo, na kuonekana kwao juu ya London kuliwashtua marubani wa Kijerumani walioambiwa kwamba Waingereza wamebakiwa na ndege chache. Hata hivyo idadi ya ndege za adui ambazo Bawa hilo lilidai kuziangusha ilizidi sana hasara halisi, jambo lisiloshangaza pale ambapo marubani wengi huipiga ndege moja na kila mmoja akaihesabu kuwa yake.

Kuanzia Aprili 1943 uwanja ulitumiwa na Wamarekani wa Kundi la 78 la ndege za kivita, waliorusha Thunderbolt na baadaye, tangu mwishoni mwa mwaka 1944, Mustang. Wakati huo bado ndege zilikuwa zikirukia kwenye majani, na matope ya majira ya baridi yalilazimisha kutandikwa mabamba ya chuma yenye matundu. Njia ya zege ilikuja mwaka 1951, kwa ajili ya ndege za jeti. Miaka kumi baadaye jeshi la anga la Uingereza liliondoka, kwa kuwa uwanja ulionekana uko kusini mno na mbali mno na pwani kwa mahitaji mapya ya ulinzi. Mwaka 1968 watengenezaji wa filamu kuhusu Mapambano ya Uingereza waliutumia uwanja, na katika kupiga picha hizo walililipua banda mojawapo la asili, hasara ambayo leo mtu yeyote anayejali majengo hayo hawezi kuitaja bila masikitiko.

Namna makumbusho yalivyopata baadhi ya vionyeshwa vyake inaeleza kwa nini uwanja hai ni hazina. Concorde nambari 101, iliyojengwa kwa ajili ya majaribio kabla ya zile za abiria, na ambayo ilifikia kasi ya Mach 2.23, yaani zaidi ya mara mbili ya kasi ya sauti, ilitua Duxford mwezi Agosti 1977 ikiendeshwa na marubani wake na haikuondoka tena. Ilibidi ifike wakati huo, kwa sababu barabara kuu ya M11 iliyokuwa ikijengwa upande wa mashariki ilikuwa karibu kuimega njia ya kurukia. Leo magari hupita mahali ambapo mwisho wa njia hiyo ulikuwa, na Concorde imo ndani ya banda kubwa liitwalo AirSpace, ambamo mgeni huweza kuingia ndani yake na kushangazwa na wembamba wa kiwiliwili cha ndege iliyosifika duniani kote.

Miongoni mwa vionyeshwa vya Duxford zimo pia ndege za abiria za Uingereza zinazotunzwa na Duxford Aviation Society, chama cha wanachama wa kujitolea kilichoundwa mwaka 1975, na ni hapa ambapo msomaji wa Afrika Mashariki atakuta sura anazozifahamu. Comet 4 iliyopo ndiyo iliyobeba abiria kutoka New York kwenda London tarehe 4 Oktoba 1958, siku ambayo safari za abiria kwa ndege za jeti zilianza kuvuka Atlantiki. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanza kazi mwaka 1946, lilitumia ndege za aina hiyo tangu mwaka 1960. Nyingine ni Super VC10 ya BOAC, shirika la ndege la Uingereza, ambayo umbo lake limetokana kwa sehemu kubwa na viwanja vya Afrika. Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi, na joto huizidishia wepesi, hivyo mabawa hupata uegemeo mdogo na injini hupungukiwa nguvu, na ndege huhitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka. Kwa viwanja kama Nairobi, ulio zaidi ya meta 1,600 juu ya usawa wa bahari, wabunifu waliziweka injini zote nne mkiani ili mabawa yabaki safi na kufanya kazi moja tu ya kubeba. Shirika la Afrika Mashariki lilinunua Super VC10 tano tangu mwaka 1966. Moja iliteketea katika ajali ya Addis Ababa mwaka 1972, na shirika lilipovunjika mwaka 1977 zile nne zilizosalia zilinunuliwa na jeshi la anga la Uingereza na kugeuzwa kuwa ndege za kuzijazia ndege nyingine mafuta angani. Mojawapo, iliyokuwa na usajili wa Tanzania 5H-MOG na ambayo ilikuwa VC10 ya mwisho kabisa kutengenezwa, iliruka hadi Septemba 2013, ilipotua Dunsfold katika jimbo la Surrey ili ihifadhiwe chini ya makumbusho ya Brooklands.

Suala gumu kuliko yote katika makumbusho ya namna hii ni kama ndege ya kale irushwe au ipumzishwe. Spitfire yenye nambari N3200 inaliweka suala hilo wazi. Iliondoka Duxford tarehe 26 Mei 1940 ikiendeshwa na Geoffrey Stephenson, mkuu wa Kikosi Namba 19, kwenda kulinda askari waliokuwa wakiokolewa Dunkirk, ikapigwa, na Stephenson akaishusha kwenye ufuo wa bahari karibu na Calais. Yeye alitekwa na hatimaye kufungwa katika ngome ya Colditz, na ndege ikamezwa na mchanga hadi ilipofukuliwa mwaka 1986. Mafundi waliijenga upya huko huko Duxford, ikaruka tena mwaka 2014, na mwaka uliofuata mmiliki wake akaikabidhi kwa makumbusho. Wapo wasemao kwamba chuma kilicholala ndani ya maji ya chumvi kwa miaka 46 hakiwezi kubeba mtu, kwamba sehemu kubwa ya mabati na ribiti zake lazima iwe mpya, na kwamba kila safari ni kuhatarisha kitu kisichopatikana tena. Hoja hiyo ina uzito, na kwa ndege iliyo pekee duniani haina jibu. Lakini Spitfire ni nyingi, na ufundi wa kuzikunja na kuziunga bati za mabawa yake yenye umbo la yai, au wa kuusikiliza mlio wa injini yake ya Merlin na kutambua kilichopungua, haukai katika kabati la vioo. Hukaa mikononi mwa watu, na hufa pale watu hao wanapokosa kazi.

Kwenye mwisho wa magharibi wa eneo la Duxford, ambalo mgeni hulitembea kwa zaidi ya kilomita moja, lipo jengo la makumbusho ya Wamarekani, lililobuniwa na Norman Foster, likafunguliwa na Malkia Elizabeth II mwaka 1997 na kupata Tuzo ya Stirling ya usanifu majengo mwaka uliofuata. Ni kuba moja la zege lisilo na nguzo, lenye upana wa meta 90, lililoinama juu ya ndege ya mabomu ya B-52 yenye mabawa ya meta 56 kama kuku anayeatamia, na upande mmoja limezibwa kwa ukuta wa vioo unaoelekea kwenye njia ya kurukia. Ndani yake pia imo ndege ya upelelezi ya SR-71 ileile iliyopanda hadi meta 25,929 mwezi Julai 1976 na kuweka rekodi ya kimo. Kando ya njia ya kuingilia vimesimamishwa vioo 52 vya msanii Renato Niemis, na juu ya vioo hivyo imechongwa michoro midogo ya ndege 7,031, kila mmoja ukiwakilisha ndege ya Kimarekani iliyoondoka Uingereza wakati wa vita na isirudi. Michoro hiyo imepangwa kwa safu kama ndege zinavyopangwa uwanjani, ile yenye injini nne ikibeba watu kumi au karibu na hapo, ile yenye injini moja ikibeba mmoja, na anayeisogelea huona kupitia kwenye kioo, nyuma ya safu hizo, nyasi za uwanja ambazo baadhi ya watu hao walizikanyaga kwa mara ya mwisho.