Mizani na Daftari: Habari za Ushirika na Fedha ya Mkulima



Chama Kikuu chetu kimetimiza miaka kumi. Ni haki tushukuru, tule na tunywe pamoja, na wazee watuombee heri. Lakini Bodi iliponiagiza niandike habari za historia katika kijitabu hiki, niliona haifai kujaza kurasa kwa majina ya viongozi na hesabu ya maghala. Liko swali moja ambalo wanachama huniuliza mara kwa mara dirishani pa ofisi yetu hapa Nangwa: "Vyama vya zamani vilikuwa na nguvu, vilikuwa na magari na majumba, mbona vilianguka? Na hiki chetu kitaponaje?" Nimejaribu kulijibu swali hilo.

Jibu nililolipata ni fupi. Mahali pengi ushirika ulizaliwa kwa sababu mtu mdogo aliishuku mizani ya mfanya biashara. Nao ulidhoofika kila mara mwanachama alipopata sababu ya kulishuku daftari la chama chake mwenyewe.

MWANZO WAKE

Aghalabu historia ya ushirika huanzia katika mji wa Rochdale, Uingereza, mwaka 1844. Wakati huo wafanya kazi wa viwanda vya nguo walipata ujira mdogo, na huo mdogo ukaliwa madukani. Vyakula vilichanganywa na vitu visivyofaa, mizani ilipunja, na aliyekopa mwezi huu hakuthubutu kugombana na mwenye duka mwezi ujao, maana alikuwa mdeni wake. Watu 28 wakachanga fedha kidogo kidogo, na tarehe 21 Desemba wakafungua duka lao. Bidhaa zilikuwa chache mno: unga, siagi, sukari, mishumaa. Walakini walijiwekea masharti: kitu safi, kipimo kamili, kura moja kwa kila mtu, faida igawanywe kwa kadiri ya manunuzi ya kila mmoja, na hesabu zisomwe mbele ya wanachama. Tazameni kwamba sharti la mizani na sharti la daftari yalizaliwa pamoja.

Katika nchi yetu wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianzisha chama chao mwaka 1925, Kilimanjaro Native Planters Association, na rais wake wa kwanza akawa Joseph Merinyo. Walikuwa wakiilinda haki yao ya kulima kahawa, kwa kuwa baadhi ya walowezi hawakupenda Mwafrika ailime; tena walitaka kuuza pamoja, si kila mtu peke yake. Sheria ya vyama vya ushirika ilitungwa mwaka 1932, na chama kipya, KNCU, kikaandikishwa mwaka 1933. Miaka minne tu baadaye, mwaka 1937, pakatokea ghasia mlimani: wakulima wenye hasira wakayashambulia maghala ya vyama vyao wenyewe. Bei ilikuwa imeshuka, sheria iliwalazimisha kuuza kahawa yao yote kwa chama, na wengi hawakuridhika na maelezo waliyopewa. Si kawaida ya mtu kubomoa nyumba aijuayo kuwa ni yake.

Kwa wakulima wa pamba wa Usukuma na Ukerewe chanzo kilikuwa mizani yenyewe. Walilalamika kwamba wanunuzi wawapunja vituoni. Basi mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakaweka watu wao wenyewe wa kupima pamba, ili mkulima aujue uzito wake kwa ushahidi wa mtu amwaminiye. Katika jambo dogo hilo, na kwa juhudi za Paul Bomani na wenzake, ulikua muungano wa vyama uitwao Victoria Federation of Co-operative Unions, ulioundwa mwaka 1955 na kuhesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika.

BAADA YA UHURU

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 Serikali iliupa ushirika kazi kubwa. Katika muda wa miaka mitano vyama vilikaribia kuongezeka maradufu, vikazidi 1,500 mwaka 1966. Vingi vilianzishwa kwa agizo kutoka juu, mahali ambapo wakulima wenyewe hawakuwa wameviomba wala hawakuwa na mtu wa kuandika hesabu.

Mwaka 1963 iliundwa bodi ya taifa ya kununua mahindi na mazao mengine. Tangu hapo gunia la mahindi lilipita mikono mitatu: chama cha msingi, chama kikuu, na bodi. Kila mkono ulikata gharama zake, halmashauri ya wilaya nayo ikakata ushuru wake, na mkulima akapewa kilichobaki. Huenda kila kato lilikuwa na sababu yake. Lakini mkulima hakuonyeshwa sababu hiyo, alionyeshwa fedha iliyopungua. Hivyo wengine wakaanza kuuza mahindi usiku kwa wafanya biashara, na chama kikakosa mazao ya kulipia gharama zake, kikazidisha makato kwa wale waliobaki waaminifu.

Manung'uniko yalipozidi, Serikali iliteua mwaka 1966 kamati maalum ya kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao. Kamati ilikuta kwamba wanachama hawakuelezwa habari za vyama vyao, watumishi wenye ujuzi walikuwa wachache, mikutano haikuwa na nguvu, na siasa iliingilia kazi. Vyama vikuu kadhaa vikawekwa chini ya uangalizi wa Serikali.

Mwaka 1976 vyama vikuu vyote vikavunjwa. Mashirika ya umma yakachukua kazi ya kununua mazao, na nafaka zikawa chini ya Shirika la Taifa la Usagishaji, ambalo wazee wetu walikumbuka zaidi kwa kulipa kwa kuchelewa. Hapa pana funzo ambalo hatuna budi kulishika. Chama kibaya kiliondolewa, lakini mkulima hakupona, maana pamoja na chama uliondoka pia Mkutano Mkuu, mahali pekee alipoweza kusimama na kuuliza: "Fedha yangu iko wapi?" Shirika halikuwa na mkutano wake yeye. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha vyama, na sheria ya mwaka 1991 ikasema viwe vya hiari. Lakini vingi vilirudi na madeni mabegani, navyo vikakutana sokoni na wafanya biashara binafsi wenye fedha taslimu mkononi.

HAPA KWETU NANGWA

Sisi tuishio chini ya Mlima Hanang twalima mahindi, maharage, alizeti, ngano na mbaazi. Taabu yetu ya fedha yajulikana na kila nyumba. Mavuno yakiingia, bei huwa chini kuliko wakati wowote, na ndipo mahitaji yote yafikapo pamoja: deni la mbegu, sare za watoto, mgonjwa wa kupelekwa Katesh. Mwenye shida huuza mbaazi zikiwa bado shambani, kisha miezi michache baadaye hununua mahindi sokoni kwa bei ya juu kuliko aliyouzia yake mwenyewe. Mnunuzi naye huja na lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba, ijapokuwa sheria ya vipimo yakataza mazao kufungashwa kwa uzito uzidio kilo 100. Debe linalobebwa na kilemba hicho halina bei. Latoka bure katika jasho la mkulima.

Tena soko lenyewe liko mbali na macho yetu. Mwezi Agosti 2017 nchi ya India, mnunuzi mkuu wa mbaazi zetu, iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi ziingizwazo huko. Bei ikaanguka ghafula, na wako wakulima walioona afadhali kuziacha shambani kuliko kulipa vibarua wa kuzivuna. Chama hakiwezi kuizuia India. Lakini chaweza kumwambia mwanachama mapema habari kilizozipata, ili asikopee mbaazi ambazo hazina mnunuzi.

Sasa naomba radhi nieleze kosa letu wenyewe. Katika msimu wangu wa kwanza wa ukatibu, risiti za chama chetu cha msingi zilikuwa na mstari ulioandikwa "Mengineyo". Mzee mmoja alikuja dirishani, akanyosha risiti yake, akasema, "Mwanangu Katibu, huyu Mengineyo ni mtu wa ukoo gani? Kila nikija namkuta ameshachukua chake." Watu wakacheka, nami nikacheka; lakini sikuwa na jibu. Nilimwambia, "Mzee wangu, nipe siku mbili."

Usiku ule nikafungua daftari. Ndani ya "Mengineyo" mlikuwa na kamba, ujira wa wapakiaji, na bei ya magunia. Nao wanachama wengi, pamoja na mzee yule, walikuwa wameleta mazao katika magunia yao wenyewe. Hakuna aliyeiba, kato la msimu wa nyuma lilinakiliwa tu bila kufikiriwa. Nilipolipeleka jambo hili kikaoni, mjumbe mmoja alisema fedha yenyewe ni kidogo na kuirudisha kutatutia aibu. Tulibishana vikao viwili, kisha Mkutano Mkuu ukaamua irudishwe. Kwa kila mtu ilikuwa fedha ya sabuni na chumvi. Walakini siku ya malipo walikuja watu ambao hawakuwa wamekanyaga ofisini kwa muda mrefu. Aibu ilikuwa yangu, maana mkono ulioandika zile risiti ulikuwa wangu. Tangu siku hiyo neno "Mengineyo" halimo katika risiti zetu.

YATUPASAYO

Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013 yampa mwanachama silaha za kutosha. Hesabu za chama hazina budi kukaguliwa na taarifa ya mkaguzi kufikishwa katika Mkutano Mkuu. Na ukomo wa madeni huamuliwa na mkutano huo, kisha hupelekwa kwa Mrajis kwa idhini. Nayo sheria ya stakabadhi ghalani ya mwaka 2005 yamwezesha mkulima kuweka mazao ghalani kwa hati na kungoja bei iliyo bora. Silaha ziko, kazi ni kuzishika.

Kwanza, mjengeko wa bei ubandikwe ukutani kabla ya msimu kufunguliwa, kila kato kwa jina lake: la chama cha msingi, la Chama Kikuu, la ghala, la usafiri. Ushuru wa mazao uelezwe pia. Mwaka 2017 ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na kisheria mlipaji ni mnunuzi.

Pili, mizani ipimwe na Wakala wa Vipimo, na mwanachama aruhusiwe kusoma uzito kwa macho yake kabla haujaandikwa.

Tatu, taarifa ya mkaguzi isomwe kwa lugha ambayo mama aliyetoka shambani ataielewa, na maswali yapewe saa yake, si dakika za mwisho watu wanapokwisha kusikia harufu ya pilau.

Nne, nasi wanachama tujihukumu. Tusiohudhuria mkutano tumewaachia wengine kalamu. Na yule achukuaye mbegu kwa mkopo wa chama kisha akauza kwa mlangoni, deni lake hulipwa na jirani yake.

Wahenga walisema: Mali bila daftari huisha bila habari. Miaka kumi ijayo nitafurahi nikimwona mzee yule, Mungu akimjalia uzima, akija dirishani na risiti yake, akiisoma mstari kwa mstari, na kuondoka bila kuwa na la kuuliza.

Katibu wa Chama cha Msingi,
Nangwa