Usiku Wagombea Wanane Waliposimama Mbele ya Kamera

Uchaguzi mkuu wa Agosti 2027 unakaribia nchini Kenya, na swali la zamani linarudi: je, wanaowania urais watakubali kuhojiwa pamoja kwenye televisheni? Historia ya midahalo hiyo ni fupi, na uhondo wake mwingi uko katika usiku mmoja.

Tarehe 11 Februari 2013, katika shule ya Brookhouse jijini Nairobi, wagombea wanane walipangwa kila mmoja na mimbari yake. Linus Kaikai na Julie Gichuru waliongoza maswali. Paul Muite alikuwa amekimbilia mahakamani kulalamikia kuachwa nje, akapewa nafasi dakika za mwisho. Taifa halikuwa limewahi kuona jambo kama lile.

Ukitazama tena kanda ya usiku ule, unaona jinsi ukumbi ulivyowapokonya wanasiasa zana zao. Hayati Raila Odinga aliteka mikutano ya hadhara kwa kutega vitendawili na kutangaza siasa kama mechi ya kandanda, umati ukimwitikia. Brookhouse hapakuwa na umati wa kumwitikia. Muda ulipimwa, na mazungumzo kwa sehemu kubwa yalikuwa ya Kiingereza. Hata hivyo alipenyeza kejeli moja iliyodumu: kwamba itakuwa taabu kubwa kuendesha serikali kwa Skype kutoka The Hague.

Aliyelengwa ni Uhuru Kenyatta, aliyekuwa na kesi katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Uhuru hakujibu kejeli kwa kejeli. Aliieleza kesi ile kuwa changamoto yake binafsi, ambayo angeikabili huku kazi za serikali zikiendelea. Raila alipata kicheko. Uhuru alijipatia sura ya mtu anayebeba mzigo wake bila kulalama, na kwa mpiga kura aliyekwisha kumwonea huruma, sura hiyo ilitosha.

Kisha kulikuwa na Mwalimu Mohammed Abduba Dida. Wengi hawakumjua kabla ya usiku ule. Wenzake walipokariri ahadi za ilani, yeye alizungumza kama aliye darasani. Kuhusu afya, aliwashauri watu wasile mpaka wawe na njaa, na wakila wasijaze tumbo. Watu walicheka, lakini walimsikiliza. Mwezi Machi alipata kura zaidi ya 52,000, akiwapita Martha Karua, James ole Kiyiapi na Muite, wanasiasa na watumishi wa umma waliojulikana miaka mingi.

Mdahalo wa pili, wa Februari 25, uligusa ardhi. Uhuru alikuwa ametishia kuususia, akidai hakutendewa haki katika ule wa kwanza, ila alifika.

Kuanzia hapo mambo yalififia. Mwaka 2017 Uhuru hakutokea, Raila akajibu maswali peke yake. Mwaka 2022 ikawa zamu ya Raila kususia, William Ruto akabaki na waongozaji, naye George Wajackoyah akaondoka bila kushiriki. Wiki moja kabla, wagombea wenza Karua na Rigathi Gachagua walikuwa wamekabiliana ana kwa ana, na mabosi wao walipaswa kuona haya.

Waandaaji wa 2027 wana deni jingine pia. Kampeni za Kenya huendeshwa kwa Kiswahili, kuanzia Mombasa hadi Busia. Mgombea anayeomba kura kwa lugha hiyo mchana aulizwe maswali magumu kwa lugha hiyohiyo usiku.