Sevisi ya gari la zamani la dizeli

Sevisi ya gari la zamani la dizeli ni kazi ya kukagua, kusafisha na kubadilisha sehemu zinazochakaa katika gari lenye injini ya dizeli isiyoongozwa na kompyuta. Katika Afrika ya Mashariki kazi hii hufanyika zaidi katika gereji za mtaani. Nchini Tanzania zile ambazo hazijasajiliwa huitwa gereji bubu, na nchini Kenya huhesabiwa katika sekta ya jua kali. Magari yanayoonekana sana huko ni Toyota Hilux zenye injini za 2L, 3L na 5L, Toyota Land Cruiser zenye injini ya 1HZ, Nissan zenye TD27 na Land Rover Defender.

Tangu mwaka 1997 mfumo wa komon reli, unaoongozwa na kompyuta, umeenea katika magari madogo ya dizeli, nayo huhitaji mashine ya kusoma hitilafu. Magari ya kabla ya mfumo huo hutengenezeka kwa spana, taa ya kupimia umeme na masikio ya fundi.

Injini inavyofanya kazi

Injini ya dizeli ilibuniwa na Mjerumani Rudolf Diesel katika miaka ya 1890. Haina plagi za cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka joto lake lipite sentigredi 500, kisha nozeli hunyunyiza dizeli, nayo huwaka yenyewe. Katika 1HZ, yenye silinda 6 na ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, hewa hubanwa hadi takriban sehemu moja ya 22 ya ujazo wake wa mwanzo.

Kwa hiyo injini inadai mambo matatu: mbano wa kutosha, dizeli safi isiyo na hewa wala maji, na kunyunyiza kwa wakati wake. Gari likigoma kuwaka au likikosa nguvu, fundi mzuri huanza kwa kuuliza ni lipi kati ya hayo matatu limekosekana, kabla hajafungua kitu.

Kusoma moshi

Moshi mweusi una maana kwamba dizeli ni nyingi kuliko hewa: filta ya hewa imeziba vumbi, nozeli zinadondosha badala ya kunyunyiza, au mtu amefungulia pampu ili gari lipate nguvu. Moshi mweupe asubuhi ni dizeli isiyoungua. Mara nyingi plagi za kupasha joto, ambazo mafundi huziita hita plagi, zimekufa. Ukiendelea hata injini ikishapata moto, na maji ya rejeta yanapungua, gasketi ya silinda hedi hushukiwa. Moshi wa buluu ni oili inayoungua.

Kupata silinda mbovu, fundi huacha injini ikinguruma polepole, kisha hulegeza nati ya bomba la nozeli moja baada ya nyingine. Silinda nzima ikikatiwa dizeli, mlio hubadilika. Ile ambayo mlio haubadiliki ndiyo yenye tatizo. Kidole hakiwekwi penye nati hiyo, kwa sababu dizeli yenye shinikizo kubwa hupenya ngozi na kuleta jeraha linalohitaji hospitali hata kama tundu lake halionekani.

Oili na dizeli

Oili ya injini na filta yake hubadilishwa kwa kawaida kila kilomita 5,000, na oili inayotumika sana ni ya daraja la 15W-40. Wenye magari wengi hushtuka kuona oili mpya imekuwa nyeusi baada ya siku chache. Hiyo si kasoro: masizi ya dizeli huingia kwenye oili mara moja, na kazi ya oili ni kuyabeba. Kinachotisha ni oili yenye rangi ya maziwa, maana maji yameingia, au oili iliyoongezeka kwenye kijiti cha kupimia bila kuongezwa, maana dizeli inavujia ndani. Salfa katika dizeli hutia asidi ndani ya oili, na hiyo ni sababu mojawapo ya vipindi vifupi vya kuimwaga. Tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliweka kiwango cha salfa kisichozidi sehemu 50 kwa milioni.

Filta ya dizeli ni kitu cha bei ndogo kinacholinda kitu cha bei kubwa. Pampu ya mzunguko iliyofungwa kwenye injini nyingi za aina hii hulainishwa na dizeli yenyewe. Maji yakipita huileta kutu. Dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa ni nyepesi na huifanya ilike. Uchakachuaji huo ulikuwa tatizo kubwa kiasi kwamba mwaka 2011 Tanzania ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuondoa tofauti ya bei iliyokuwa ikiuchochea. Chini ya filta ya Toyota kuna koki ya kumwagia maji. Hulegezwa, kisha pampu ndogo ya mkono iliyo juu hubonyezwa mpaka dizeli safi itoke. Pampu hiyohiyo hutumika kutoa hewa baada ya kubadilisha filta.

Mkanda wa taiming

Hapa ndipo injini nyingi nzima hufia. Katika 1HZ, 2L, 3L na 5L, mkanda wa mpira wenye meno huunganisha kranki na kamshafti pamoja na pampu ya dizeli. Ukikatika, pistoni hugonga valvu. Toyota iliweka taa ya onyo iliyoandikwa T-BELT, ambayo katika magari mengi huwaka kila baada ya kilomita 100,000. Lakini taa hiyo haijui kama mkanda umebadilishwa; huzimwa kwa kugeuza au kuhamisha kitu kidogo kwenye dashibodi, na muuzaji anaweza kuizima bila kugusa mkanda. Kwa gari lililonunuliwa bila kumbukumbu za sevisi, ni salama kuhesabu kwamba mkanda ni mzee na kuubadilisha pamoja na tenshena yake. TD27 haina mkanda huo, hutumia gia.

Mkanda wa feni nao una uzito wa pekee katika 2L, 3L na 5L. Injini ya dizeli haitoi mvuto wa hewa wa kusaidia breki kama ya petroli, hivyo pampu ya kunyonya hewa imefungwa nyuma ya alteneta. Mkanda ukikatika, betri haichajiwi na, baada ya kukanyaga mara chache, breki huwa nzito mno.

Kupoza injini

Desturi ya kung'oa themostati "ili injini ipoe" imeenea mno. Injini ya dizeli inayofanya kazi ikiwa baridi hutumia mafuta mengi na silinda zake hulika haraka. Tena, katika Toyota nyingi themostati ikifunguka huziba pia njia ya mkato ya maji. Isipokuwepo, sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na gari linaweza kuchemka zaidi mlimani. Dawa ya kuchemka ni kuzibua rejeta na kukagua feni, mfuniko na pampu ya maji.

Mipaka ya gereji ya mtaani

Kurekebisha pampu ya dizeli na kupima nozeli huhitaji mashine maalumu, na kazi hiyo hupelekwa kwa fundi pampu. Pampu iliyofunguliwa chini ya mwembe huwa na vumbi ndani hata fundi awe hodari kiasi gani.

Oili chafu inayomwagwa mara nyingi huuzwa kwa kupaka mbao dhidi ya mchwa. Ina metali na kemikali zinazoweza kusababisha saratani, na ikimwagwa ardhini huharibu maji ya visima, hivyo spana boi anayeishika kila siku anahitaji glavu au angalau sabuni kabla ya kula.