Mtoto anapoharisha: Maji kwanza, dawa baadaye

Kuharisha ni miongoni mwa maradhi yanayoua watoto wengi walio chini ya umri wa miaka mitano duniani. Hata hivyo, aghalabu kinachomuua mtoto ni upungufu wa maji na chumvi mwilini. Kwa wazazi wa Chechelesi na mitaa mingine ya Isiolo, kaunti kame ambako maji huhifadhiwa kwa mitungi na joto la mchana ni kali, jambo hili lina uzito wa pekee: tiba ya kwanza huanzia nyumbani, kabla ya safari ya hospitali.

Wapo wanaomnyima mtoto maji na chakula ili tumbo "lipumzike". Hilo ni kosa kubwa. Anayenyonya aendelee kunyonya, tena mara nyingi zaidi. Aliyeanza kula apewe uji na vyakula laini kidogo kidogo.

Dawa yenyewe ni ORS, mchanganyiko wa sukari na chumvi unaouzwa kwa pakiti. Labda kwa kuwa bei yake ni ndogo, wengi huidharau. Mwaka 1971, kipindupindu kilipozuka katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon nchini India na dripu zikawa haba, daktari Dilip Mahalanabis aliamua wagonjwa wanyweshwe mchanganyiko wa aina hiyo. Vifo vilishuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4.

Pakiti nyingine huchanganywa kwa nusu lita ya maji, nyingine kwa lita moja, hivyo ni lazima maandishi yasomwe. Chupa ya maji ya nusu lita ni kipimo chepesi. Maji yakizidi, dawa hupungua nguvu; yakipungua, chumvi huzidi na kumdhuru mtoto. Yatumiwe maji yaliyochemshwa yakapoa, na yanayosalia baada ya saa 24 yamwagwe. Pakiti ikikosekana, lita moja ya maji hutiwa vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazishwa.

Mtoto wa chini ya miaka miwili hupewa mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha majimaji, kwa kijiko. Akitapika, mama angoje dakika kumi kisha aendelee polepole zaidi. Soda na chai ya sukari nyingi havifai, kwani sukari ikizidi huvuta maji kuingia matumboni na kuongeza kuharisha.

Shirika la Afya Duniani hupendekeza pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 10 kwa siku kwa aliye chini ya miezi sita, 20 kwa aliyezidi hapo. Vimalizwe hata kama choo kimekauka mapema.

Isiolo inasifika kwa maziwa ya ngamia, ambayo husafirishwa hadi Nairobi. Ni chakula bora, ila si kwa mtoto wa chini ya miezi sita, ambaye maziwa ya mama yanamtosha bila hata tone la maji. Aliyezidi umri huo apewe yaliyochemshwa.

Yafaa pia kukanusha kwamba meno yanayoota ndiyo huleta kuharisha. Katika baadhi ya sehemu za Afrika Mashariki watoto wamekatwa fizi ili kung'olewa yanayoitwa meno ya plastiki. Kidonda hicho huvuja damu na kuingiza vijidudu, huku mtoto akizidi kukaukiwa.

Macho yakididimia, ngozi ya tumbo ikifinywa ikachelewa kurudi, mtoto akilegea, akishindwa kunywa au choo kikiwa na damu, apelekwe hospitali mara moja, akinyweshwa ORS njiani iwapo anaweza kumeza. Aliye chini ya miezi miwili asisubiriwe kuonyesha dalili hizo.

Chanjo ya virusi vya rota, chanzo kikuu cha kuharisha kukali kwa watoto wachanga, ilianza kutolewa Kenya mwaka 2014. Ni matone ya mdomoni, na dozi ya kwanza hutolewa mtoto afikishapo wiki sita.