Kutoka Waya wa Reli hadi Intaneti ya Kasi: Historia ya Mvumo katika Simu za Waya, Korogwe na Handeni

1. Utangulizi

Insha hii inajadili historia ya mvumo katika simu za waya, kwa kuzitumia wilaya za Korogwe na Handeni, mkoani Tanga, kama eneo la mjadala. Mvumo unaozungumziwa ni sauti isiyotakiwa ambayo mteja huisikia ainuapo mkonga wa simu: mara mngurumo mzito, mara mkwaruzo wa kukatikakatika, mara sauti kali kama ya mafuta yanayochemka kikaangoni. Huduma ya intaneti ya kasi ilipoanza kupitishwa katika waya uleule wa shaba uliobeba mazungumzo, palitokea aina ya mvumo ambayo chimbuko lake halikuwa nguzoni wala kituoni, bali ndani ya nyumba ya mteja mwenyewe.

Hoja inayotetewa ina sehemu mbili. Kwanza, kila aina ya mvumo ni alama ya huduma mpya iliyopandikizwa juu ya waya wa zamani. Hivyo mvumo unaweza kusomwa kama ushahidi wa kihistoria. Pili, mageuzi ya umiliki wa sekta ya simu yalihamisha wajibu wa kutambua chanzo cha kasoro kutoka kwa fundi wa shirika kwenda kwa mteja, lakini maarifa ya utambuzi hayakuhamishwa kwa kiwango hichohicho. Pengo hilo ndilo linalofanya kasoro ndogo ionekane kuwa ni kifo cha laini.

2. Waya Mmoja, Kazi Nyingi

Neno simu lenyewe lina historia. Asili yake ni Kiajemi, ambamo lina maana ya waya, na katika Kiswahili cha awali lilitaja zaidi waya wa telegrafu na ujumbe uliopelekwa kwa njia hiyo. Kwa hiyo, kabla ya kuwa sauti, simu ilikuwa waya. Ujenzi wa reli ya Usambara ulianza Tanga mwaka 1893. Reli ilifika Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Kama ilivyokuwa kwa reli nyingine za enzi hiyo, uendeshaji wa garimoshi ulihitaji mawasiliano kati ya stesheni na stesheni, na nguzo za waya zilifuata njia ya reli. Korogwe, mji ulio kando ya Mto Pangani, uliingia katika mawasiliano ya waya kwa sababu ya reli.

Hali ya Handeni ilikuwa tofauti. Mji huo uko takribani kilomita 65 kutoka Korogwe kwa barabara, nje ya njia ya reli. Waya wowote wa kwenda huko ulilazimika kukatiza nyika ya Uzigua bila faida ya stesheni zilizopangwa njiani ambako fundi angeweza kushuka na kukagua. Tofauti hiyo ya kijiografia ni ya msingi katika mjadala huu, kwa kuwa urefu wa waya na urahisi wa kuufikia huathiri moja kwa moja ubora wa sauti.

Tatizo la mvumo halikuanzia Afrika Mashariki. Simu za mwanzo huko Marekani zilitumia waya mmoja na kuifanya ardhi kuwa njia ya kurudishia mkondo. Zilipokutana na nyaya za umeme, zilivuma. Mwaka 1881, John J. Carty alionyesha mjini Boston faida ya kutumia nyaya mbili kwa laini moja, na mwaka huohuo Alexander Graham Bell alipata hataza ya nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Msokoto huo hufanya usumbufu kutoka nje uziguse nyaya zote mbili kwa kiasi kinacholingana, hivyo hubatilika mwishoni mwa laini. Kanuni hiyo ndiyo inayotumika hadi leo. Pale ambapo usawa wa nyaya mbili unaharibika, kwa kutu au kwa maungio mabovu, mvumo hurudi.

Katika bonde la Pangani, chanzo cha usumbufu wa aina hiyo kilikuwapo mapema. Mtambo wa kwanza wa umeme katika maporomoko ya Pangani ulianza kazi mwaka 1936, na kituo cha Hale, wilayani Korogwe, kilifuata mwaka 1964. Umeme wa Tanzania huenda kwa masafa ya hezi 50. Laini ya simu inayokwenda sambamba na laini ya umeme kwa mwendo mrefu huambukizwa mngurumo wa masafa hayo na vigawe vyake. Hivyo reli, umeme na simu vilishirikiana bonde moja, na sikio la mteja lilikuwa mahali ambapo ujirani huo ulidhihirika.

3. Mabadiliko ya Umiliki na Mpaka wa Wajibu

Mwaka 1933 idara za posta na simu za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa. Muungano huo ulipitia mabadiliko kadhaa hadi kuwa Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki chini ya Jumuiya iliyoundwa mwaka 1967. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania iliunda shirika lake la posta na simu. Katika kipindi chote hicho, mpaka wa wajibu ulikuwa wazi: shirika lilimiliki kituo, nguzo, waya na hata chombo cha simu kilichowekwa mezani. Mteja alikodi huduma nzima. Simu ikivuma, kazi yake ilikuwa kutoa taarifa, na fundi ndiye aliyetafuta chanzo.

Sheria za mwaka 1993 zilitenganisha posta na simu. Kampuni ya Simu Tanzania ilianza kazi mwaka 1994, sambamba na chombo cha kusimamia sekta. Mwaka 2001 sehemu ya hisa zake iliuzwa kwa wawekezaji binafsi. Mwaka 2003 ilitungwa sheria iliyounda Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Mwaka 2016 Serikali ilizirejesha hisa hizo mikononi mwake, na sheria ya mwaka 2017 ikaibadili kampuni kuwa Shirika la Mawasiliano Tanzania. Katika mkondo huohuo, soko la vifaa lilifunguka. Mteja aliweza kununua dukani simu ya mezani, mashine ya faksi, modemu na waya wa kuunganishia. Uhuru huo ulikuwa na faida kubwa, lakini ulizaa swali ambalo halikuwapo zamani: kasoro ikitokea, ni ya nani? Waya wa nje ulibaki wa mtoa huduma, ilhali vyombo vya ndani vilikuwa vya mteja, na mvumo haukuheshimu mpaka huo.

4. Intaneti Juu ya Shaba

Teknolojia ya ADSL ilijengwa juu ya wazo kwamba waya wa simu una nafasi isiyotumika. Katika miaka ya 1980, mhandisi Joseph Lechleider wa Bellcore, Marekani, alihimiza mfumo ambao mteja hupokea data nyingi kuliko anayotuma. Mwaka 1999 Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ulipitisha kiwango chake rasmi. Sauti ya mazungumzo hutumia takribani hezi 300 hadi 3,400. ADSL hutumia masafa ya juu, kuanzia takribani kilohezi 26 hadi kilohezi 1,104. Huduma mbili husafiri pamoja kama watu wawili wanaopita ukumbi mmoja kwa milango miwili.

Hata hivyo, chombo cha simu hakikuundwa kwa kuyatarajia masafa hayo ya juu. Yakiingia, baadhi ya sehemu zake za kielektroniki huyageuza kuwa sauti inayosikika. Ndiyo sababu huwekwa kichujio kidogo kati ya soketi na simu: huruhusu masafa ya sauti yapite na kuyazuia ya juu. Kichujio hulinda pande zote mbili, kwa kuwa simu isiyo na kichujio inapoinuliwa hubadilisha tabia ya umeme ya laini, na modemu inaweza kupoteza muunganisho. Dalili ya kasoro hii, basi, ni pacha: simu huvuma intaneti inapowaka, na intaneti hukatika simu inapoinuliwa.

5. Mantiki ya Utambuzi

Utambuzi wa chanzo hufuata mantiki ya kuondoa na kurudisha. Vyombo vyote huchomolewa, kisha simu moja inayojulikana kuwa nzima huunganishwa kwenye soketi ya kwanza, mahali waya wa nje unapoingilia nyumbani. Mvumo ukiendelea, kasoro iko nje au katika soketi yenyewe, na taarifa kwa mtoa huduma ni ya haki. Ukitoweka, kasoro iko ndani. Hapo modemu huunganishwa peke yake upande wake, na simu hupitishwa katika kichujio. Vyombo vingine hurudishwa kimoja kimoja, kila kimoja na kichujio chake. Faksi iliyosahauliwa katika chumba cha pili yatosha kuharibu laini ya nyumba nzima. Kichujio chenyewe nacho hujaribiwa kwa kubadilishwa na kingine.

Aina ya sauti huongoza hukumu. Sauti kali inayokuja na kuondoka pamoja na intaneti huelekeza kwenye kichujio. Mngurumo mzito huelekeza kwenye umeme: adapta mbovu ya modemu, au usawa wa nyaya uliopotea. Mkwaruzo unaozidi wakati wa mvua huelekeza kwenye maungio yaliyoingia maji. Tofauti hii ina uzito wa kivitendo. Kichujio hakiwezi kuondoa mngurumo wa umeme wala mkwaruzo, kwa sababu vyote viwili vimo ndani ya masafa yaleyale ya sauti ambayo kichujio kimeagizwa kuyapitisha. Anayenunua vichujio kutibu mngurumo hupoteza fedha, na anayemwita fundi wa nje kutafuta kichujio kilichokosekana humpotezea muda.

6. Korogwe na Handeni kwa Ulinganisho

Katika bonde la Korogwe, unyevu wa mto na mvua za masika na vuli ni adui wa maungio ya shaba, na ujirani wa njia za umeme kutoka Hale huongeza uwezekano wa mngurumo. Huko, mvumo wa modemu unaweza kujificha nyuma ya mivumo miwili mikongwe. Handeni ni kukavu zaidi, lakini umbali ndio hoja. Mawimbi ya ADSL hufifia kadiri waya unavyorefuka, na kupita kilomita tano hivi kutoka kituoni huduma hudhoofika sana. Kwa kanuni hiyo, intaneti ya shaba ilikuwa huduma ya wakazi wa karibu na kituo. Vijiji na miji midogo kama Mkata, Kabuku na Sindeni isingeweza kuipata kwa waya wa kutoka Handeni mjini. Simu za mkononi, ambazo wateja wake waliwapita wa simu za waya mwanzoni mwa miaka ya 2000, zilijaza nafasi hiyo bila kudai nguzo wala kichujio. Wizi wa nyaya za shaba, uliosumbua sehemu nyingi za nchi, uliongeza sababu ya kuiacha shaba.

7. Hitimisho

Mjadala huu umeonyesha kwamba mvumo wa simu una tabaka: mngurumo hutaja umeme, mkwaruzo hutaja mvua na kutu, sauti kali hutaja intaneti. Umeonyesha pia kwamba kuiacha simu ya waya hakuwezi kuelezwa kwa ushindani wa simu za mkononi pekee. Panapokosekana maelezo mepesi ya Kiswahili kuhusu kazi ya kichujio, mteja hana namna ya kuitofautisha laini iliyokufa na laini inayosumbuliwa na chombo chake mwenyewe; huirudisha huduma ambayo ingeweza kuponywa kwa kuchomoa na kuchomeka. Hoja hiyo haiishi na shaba. Nyaya za kioo zinapochukua nafasi yake, mpaka kati ya waya wa mtoa huduma na kifaa cha mteja unabaki palepale, na mpaka usioelezwa kwa lugha ya watumiaji ni mzigo kwa asiyeujua.